Acheni kuosha mikono, naweni

Tangazo la juu ya sinki lina maneno manne: "Tafadhali osha mikono yako." Liko kwenye migahawa ya Mji Mkongwe na kwenye vyoo vya hoteli za pwani, na kila nikilisoma linanikera. Mikono hunawa mtu. Hiyo "yako" nayo imeingia na Kiingereza, ambacho lazima kitaje mwenye mikono: "wash your hands". Sisi husema nawa mikono, au nawa tu, chakula tayari.

"Wash" ya Kiingereza hufanya kazi ambayo sisi tumeigawa. Nguo zinafuliwa, vyombo vinakoshwa, uso mtu ananawa, mwili anakoga, mtoto mchanga anakogeshwa, na kwa sala mtu anatawadha. Osha, au kosha kama tusemavyo, huenda na kisichojifanyia chenyewe: sahani, mchele, gari, kidonda. Na maiti. Tunaposema muosha huoshwa, hakuna Mpemba wala Muunguja anayeuliza anaoshwa nani. Sasa mtu mzima, yu hai, anaandikiwa kando ya bwawa la kuogelea "osha mwili wako kabla ya kuingia". Jamani! "Koga kwanza" ni maneno mawili, na hayamtii mtu kwenye sanda.

Haya, "osha mikono" si kosa la sarufi, na wengi husema hivyo. Lakini neno la kunawa lipo na lina kazi yake, kwa nini tulizike?

Kosa hilohilo hurudi upande wa pili, kwa vijana wanaojifunza Kiingereza ili wapate kazi hotelini. Mgeni wa Kiingereza anauliza, "Where can I wash my hands?" Kijana aliyefunzwa kwamba "wash" ni osha na basi anamletea birika na bakuli, kama anavyonawishwa mgeni nyumbani. Mara nyingi mgeni huyo anauliza choo kwa adabu. Na akisema "wash up", sikiliza ametoka wapi: Muingereza anazungumzia vyombo vya chakula, Mmarekani anataka kunawa uso na mikono.

Anayetembeza wageni kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi asiishie kwenye "they wash before prayer", maana mgeni atadhani watu wanakoga. Ataje viungo: viganja, kusukutua, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, miguu mpaka vifundoni. Na pale kwenye kichwa aseme "wipe", kwa kuwa kichwa hupakwa maji tu.

Jikoni ndiko kosa linakogharimu. Mpishi akisema "clean the fish" hajasema "wash". Anataka samaki aparwe magamba, apasuliwe tumbo, atolewe matumbo na mashavu, mabaki ya damu yaliyoganda kwenye uti wa mgongo yakwanguliwe kwa ncha ya kisu, ndipo akoshwe. Kijana anayesikia osha humpitisha changu kwenye maji ya bomba, akamfuta, akamtia kwenye friji akiwa na matumbo yake. Kwa nje anang'ara. Asubuhi akipasuliwa, nyama ya tumboni imeshalainika na kunuka, na hapo hata akikoshwa mara kumi hafai tena.