Sindano ya kukomaza mapafu: pale mapitio ya tafiti yanapotosha, na pale yasipotosha

Nembo ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, imebeba mistari saba midogo ya mlalo na umbo la almasi chini yake. Kila mstari ni jaribio moja la tiba. Almasi ni jumla yao. Yote yalihusu sindano ya steroidi anayochomwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza lilichapishwa New Zealand mwaka 1972. Mengi kati ya yale saba, yakisomwa moja moja, hayakutosha kumshawishi daktari. Yalipojumlishwa, jibu likawa wazi: sindano inaokoa njiti. Kwa miaka yote hiyo ushahidi ulikuwa umetawanyika kwenye majarida, na wodi nyingi hazikuitumia. Sijui hoja yenye uzito kuliko hii ya kutetea mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya tafiti zote za swali moja na kuzijumlisha.

Lakini majaribio hayo yalifanyika karibu yote katika hospitali zenye uwezo. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa ACT, uliopeleka sindano hiyo hiyo hadi ngazi ya jamii na zahanati katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Katika maeneo yaliyopata mpango huo vilikuwa 27.4 kwa kila vizazi hai 1,000, na kwingine 23.9. Dalili za maambukizi kwa kina mama nazo ziliongezeka. Dawa ni ya aina ile ile, almasi ni ile ile, na watoto zaidi walikufa.

Kiini cha tatizo huenda kilikuwa umri wa mimba. Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho hupimwa kimo cha tumbo, na mtoto mdogo wa wiki 38 huonekana kama wa wiki 33. Wengi waliochomwa walizaa watoto ambao hawakuwa njiti, yaani walibeba madhara bila faida. Na wale waliokuwa njiti kweli, mara nyingi walizaliwa mahali pasipo na oksijeni wala mtu wa kuwahudumia usiku.

Baada ya hapo wapo waliohitimisha kwamba ushahidi wa nchi tajiri hautuhusu. Nao walikosea. Utafiti wa ACTION wa mwaka 2020, uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, uliitumia deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, katika hospitali tu, umri wa mimba ukithibitishwa kwa ultrasaundi. Vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6: kwa kila kina mama 25 waliotibiwa, mtoto mmoja zaidi aliishi. Hospitali inayoiacha dawa hii kwa woga inapoteza watoto hao.

Kwa hiyo ninayaunga mkono mapitio, ila kwa sharti kwamba mwongozo ubandikwe ukutani pamoja na masharti yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyataja mwaka 2015: umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, uwe wiki 24 hadi 34, uchungu uwe karibu kweli, mama asiwe na maambukizi, huduma ya uzazi iwepo, na mtoto apate joto, lishe, oksijeni salama na tiba ya maambukizi. Bango la leba huishia kwenye dozi: miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, mara nne. Masharti yamebaki kwenye kitabu ofisini.

Hata dozi yenyewe huharibika njiani. Mama amechomwa saa 2 usiku kituo cha afya, akafika hospitali saa 5. Barua ya rufaa imeandikwa "dexa amepewa", bila saa wala kipimo. Mkunga wa zamu ataanza upya, au ataacha kabisa. Dozi ya pili ilitakiwa saa 2 asubuhi, na hakuna anayejua.

Hospitali inayotaka kujua iko upande gani, wa ACT au wa ACTION, itoe faili za miezi mitatu na kuandika mambo manne kwa kila mama: umri wa mimba ulipatikanaje, saa ya dozi ya kwanza, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 3 aliyezaliwa siku chache baada ya sindano anaonyesha hesabu ya wiki ilikosewa. Wa kilo 1.3 asiyepata huenda ni nafasi iliyopotea. Aliyezaliwa zaidi ya siku saba baada ya sindano, uamuzi wa kwamba uchungu umekaribia ulikuwa wa haraka. Makosa ya kwanza na ya pili yakijaa faili zile zile, kununua chupa zaidi za dawa hakutasaidia. Deksamethasoni ni ya bei nafuu na kwa kawaida ipo. Fedha iende kwanza kwenye kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki 24, ambacho WHO ilikipendekeza kwa kila mjamzito tangu 2016, kisha kwenye oksijeni na kitanda cha mama kangaruu, anapombeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi.