Mjamzito wa Kilatino Marekani na stresi ya kila siku: tumuulize anavyojisikia au tumuulize kinachomsonga?

Watafiti wa afya ya uzazi Marekani wamevutana kwenye hili miaka mingi, kwamba mama mjamzito wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, awe katokea Mexico au Puerto Rico au Guatemala au kazaliwa hukohuko Marekani, ukitaka kujua ana stresi kiasi gani ya maisha ya kila siku unampimaje. Mtu atasema si unamuuliza tu. Sawa, lakini swali utakaloliuliza ndilo linaloamua nani anaonekana anahitaji msaada na nani anaambiwa uko fiti mama, tutaonana kliniki mwezi ujao.

Kipimo kimoja kinachotumika sana ni kile cha mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake cha 1983, kilianza na maswali 14 halafu yakaja matoleo mafupi ya maswali 10 na hata 4. Kinakuuliza kwa mwezi mmoja uliopita ni mara ngapi umejisikia mambo yamekuzidi, mara ngapi umeona matatizo yamerundikana mpaka huyawezi, unajibu kuanzia 0 (kamwe) hadi 4 (mara nyingi sana) halafu wanajumlisha. Hakikuulizi shida yenyewe ni ipi. Mradi wa Proyecto Buena Salud kule Massachusetts uliwafuata wajawazito wa Kilatino, wengi wenye asili ya Puerto Rico, na walikitumia hiki. Na faida yake naiona kabisa, ni kifupi, nesi anamaliza haraka, na unaweza kumlinganisha mama wa Springfield hukohuko Massachusetts na mama wa Los Angeles hata kama maisha yao hayafanani.

Sasa shida inakuja hapa. Kuna mama kakulia kwenye familia ambayo mwanamke anasifiwa kwa kuvumilia, kalala na njaa ili watoto wale, kodi ya nyumba miezi miwili hajalipa, ukimuuliza kama mambo yanamwendea vizuri anakwambia vizuri tu, namshukuru Mungu. Hadanganyi, ndivyo anavyoyaona maisha. Lakini namba inatoka ndogo na faili linafungwa.

Upande wa pili wanasema achana na hisia, uliza vitu. Ipo orodha ya maswali 20 iliyotumiwa na mtafiti Lynne Hall na wenzake miaka ya 80 kwa akina mama wa kipato cha chini wenye watoto wadogo, inataja vitu vyenyewe: madeni, majukumu kuzidi, tabu za kulea, kazi, ugomvi na watu wa karibu, na kila kimoja unasema kinakusumbua kiasi gani. Mimi naipenda hii kwa sababu jibu lake linakuonyesha pa kuanzia, mama akisema hela ya chakula ndiyo inamnyima usingizi unajua umpeleke wapi. Ila iliandikwa kwa ajili ya mama ambaye tayari ana watoto, mwenye mimba ya kwanza maswali ya malezi hayamhusu, na hofu ya leba au ya kupoteza mimba humo haimo. Mambo ya makaratasi ya uhamiaji nayo hayamo. Kuna hojaji nyingine ya 1991 ya Richard Cervantes na wenzake iliyotengenezwa kwa ajili ya Walatino wenyewe, na walifanya jambo la maana, waliwatenganisha wahamiaji na waliozaliwa Marekani, lakini ya wahamiaji ina maswali 73! Mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba na bosi anamsubiri kazini, nani atamkalisha ajibu maswali 73.

Kitu kilichonifanya nifikirie zaidi ni Postville. Huo ni mji mdogo wa Iowa, tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama wakakamata watu 389. Baadaye watafiti wakachukua kumbukumbu za vizazi vya jimbo zima wakakuta watoto wa mama wa Kilatino waliozaliwa baada ya uvamizi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na uzito pungufu, kwa asilimia 24, ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka mmoja kabla. Kwa mama wa Kizungu hakukuwa na ongezeko kama hilo. Na haikuwa wahamiaji peke yao, hata mama wa Kilatino waliozaliwa Marekani, raia kamili ambao hakuna wa kuwarudisha popote, iliwapata. Yaani ungekuwa umeweka swali la una makaratasi au huna, hawa wote ungewakosa, maana huenda hofu ilikuwa ya kukamatwa mume, shemeji au jirani, na ya kuangaliwa vibaya barabarani.

Lakini hapohapo watu wa kipimo cha hisia wana hoja ambayo siwezi kuipita. Inajulikana tangu zamani kwamba mama waliohamia kutoka Mexico, pamoja na umaskini na kazi ngumu, mara nyingi wanazaa watoto wenye uzito mzuri kuliko unavyotegemea kwa kipato chao, na kwa wale waliozaliwa Marekani hiyo nafuu inapungua. Kama ungehesabu shida tu, huyu aliyetoka Mexico juzi angekuwa na orodha ndefu kuliko wote. Kwa nini mtoto wake anakuwa sawa? Maelezo yapo mengi, chakula, kutovuta sigara, na wengi wanataja ndugu, mama mkwe na shangazi wanaomshika mkono. Kwa hiyo orodha ya shida bila kuuliza nani yuko nyuma yako inaweza kukupoteza vibaya sana, na wajawazito wa Puerto Rico nao wana hali yao tofauti kabisa, kisiwa chao kiko chini ya Marekani na wao ni raia wa Marekani tangu 1917, hofu ya uhamiaji si yao kihivyo, ila watoto wao wana viwango vya uzito pungufu vya juu kuliko vya Wameksiko. Kuwaweka kapu moja kwa sababu wote wanaongea Kihispania mimi siafiki.

Wapo wanaosema basi tupime kotisoli, homoni ya stresi, kwenye mate, mwili haudanganyi. Tatizo ni kwamba homoni hiyo inapanda yenyewe kwenye ujauzito, ikifika miezi ya mwisho iko juu mara kadhaa kuliko kawaida hata kwa mama aliyetulia, halafu inabadilika asubuhi na jioni. Inasaidia kwenye utafiti, kwa nesi wa kliniki sioni itamwambia nini.

Na juu ya yote kuna kuaminiana. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilianza kutekeleza kanuni ya kuwanyima ukaazi wahamiaji wanaoonekana watategemea misaada, ikaachwa 2021. Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, kwa wajawazito haikuhesabiwa kwenye hiyo kanuni, na mpango wa chakula wa WIC haukuwemo, lakini watu waliogopa hata huduma ambazo hazikuguswa. Sasa kwenye hali hiyo unampa mama fomu yenye jina lake inayouliza anaogopa nini kuhusu uhamiaji, unategemea aandike ukweli?

Mimi kura yangu naipa orodha ya vitu, fupi, maswali yasiyozidi kumi na kitu, ikiwa na swali la nani anakusaidia, iulizwe kwa mdomo na mtu anayeongea Kihispania cha nyumbani kwake, na irudiwe angalau mara mbili tatu kabla ya kujifungua kwa sababu stresi ya mwezi wa tatu sio ya mwezi wa nane. Kile cha Cohen kibaki cha kulinganishia. Swali la uhamiaji liulizwe kwenye utafiti usio na majina, kwenye faili la kliniki lisiwepo kabisa. Na kliniki isiyo na mtu wa kumsaidia mama kuhusu kodi au chakula isiulize habari za kodi na chakula mpaka impate huyo mtu.