Jua la Dar Halizami Coco

Kila Jumapili jioni watu wanamiminika ufukwe wa Coco eti kuangalia jua likizama baharini. Jua gani, jamani? Bahari ya Hindi iko mashariki! Mtu kanunua mihogo, kamwagia pilipili, kaikodolea macho bahari mpaka imekuwa nyeusi, kumbe jua lenyewe liko kisogoni linatua huko Kimara, halijaagwa na mtu. Coco ni ya alfajiri. Sasa mwamshe mtu wa Dar saa 11 alfajiri siku ya Jumapili uone kama hajauliza nani kafa.

Anayetaka machweo juu ya maji aende upande wa pili wa rasi ya Msasani, kule ghubani, pale Slipway. Au apande pantoni ya Kigamboni, ageukie bandarini.

Halafu kuna hawa wa "nafika sasa hivi". Mwenzangu, tuko nyuzi kama 7 tu kusini mwa Ikweta. Jua la kwetu linashuka wima. Likishagusa upeo wa macho, dakika 2 na ushee limekwisha, na dakika 20 na kitu baadaye ni giza. Wa "niko kituo cha Morocco hapa" ataliwahi wapi? Na ratiba ipo, kalenda ya swala imebandikwa msikitini. Kuchomoza ni kati ya saa 11:55 alfajiri, Novemba, na saa 12:36 asubuhi, Julai. Kuzama ni kati ya saa 12:13 jioni, mwishoni mwa Mei, na saa 12:48, mwishoni mwa Januari. Mwaka mzima jua halichezi hata saa moja, na bado tunachelewa.

Ukisikia adhana ya Magharibi jua limeshatua, ila usikimbie. Kukiwa na mawingu mepesi ya juu, rangi huiva dakika kama 10 baadaye, maana jua bado linayamulika kwa chini. Wakati huo wenzako ndio wanakung'uta mchanga waondoke! Wingu zito likijaa chini kabisa magharibi, hapo sawa, nenda kapike.

"Sina muda." Muda unao, umekaa nao kwenye daladala. Wa Tegeta asubuhi mnaenda mjini, kusini, jua liko kushoto. Jioni mnarudi kaskazini, kushoto tena. Upande wa mlango, dirishani. Wa Mbagala ni kulia kwenda, kulia kurudi. Wa Kimara linawachoma usoni asubuhi na jioni, poleni. Najua, siti ya dirishani inapiganiwa, na aliyeipata ataegemeza kichwa kwenye kioo akorome.

Picha piga dirisha likiwa limefungwa. Gusa anga kwenye simu, shusha mwanga, la sivyo jua litatoka doa jeupe. Ukitoa mkono nje na simu yako pale kwenye foleni, machweo utasimuliwa.