Raha ya Nafsi na Rejesho la Jumatatu

Ijumaa moja kwenye mkesha, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameificha simu ndani ya Biblia. Kila ikiwaka anaitupia jicho, anaigeuza kifudifudi, anaendelea kuimba. Alfajiri, tukiwa kwenye benchi tunangoja daladala zianze, akanieleza: mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, rejesho kila Jumatatu, na jamaa wa mkopo hachagui saa ya kupiga. Mahubiri ya usiku ule yalikuwa Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Nikamuuliza kama amepumzika. "Nimepumzika, mwanangu," akasema. "Ila Jumatatu iko palepale."

Wapo watakaosikia nusu ya kwanza tu ya jibu lile, na wapo watakaosikia ya pili tu.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Hawasemi imani inalipa madeni. Wanasema kuna kutotulia ambako hata madeni yakiisha kwenyewe hakuishi. Shahidi wao mkubwa ni Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, akahamia Roma, kisha Milano, akizidi kupanda ngazi na kiu ikibaki ileile. Alibatizwa mwaka 387, na baadaye akaandika kwamba Mungu ametuumba kwa ajili yake, na moyo wetu hautulii mpaka utulie ndani yake. Anayelala na simu mkononi akitazama harusi za watu anaijua habari hii bila kufundishwa.

Tatizo ni kwamba wanaomnukuu huishia hapo. Mwaka 391 Augustino alikwenda Hippo, waumini wakamshika wakamfanya padri, naye akalia. Ukafuata uaskofu, kesi za watu za kusikiliza, mabishano yasiyoisha, hadi akafa mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa na Wavandali, wavamizi waliotoka Ulaya. Kama hiyo ni raha, basi si ile ya kukunja miguu.

Kundi la pili huja na Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani, aliyeiita dini kasumba ya watu katika andiko lililochapishwa mwaka 1844. Kiswahili kimelitendea neno hili haki ya ajabu: kasumba ni afyuni, na kasumba ni fikra iliyopandikizwa kichwani mwa mtu hadi anaiona yake. (Wanaomnukuu nao hukata: palepale aliiita dini kite cha kiumbe anayeonewa.) Hoja yao ni kwamba ukimwambia mwenye riba shingoni atulie, umemfanyia kazi mdai wake. Siwezi kubisha sana. Nimewahi kumsikia mtu mwenye magari mawili akiwafundisha wasio na nauli habari ya kuridhika.

Andiko la mhubiri huyo wa magari mawili lilikuwa Wafilipi 4:11, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Litazame vizuri. Paulo yuko kifungoni, na anajisemea yeye mwenyewe. Tena barua hiyo inashukuru kwa msaada: Wafilipi walimtumia mahitaji kwa mkono wa Epafrodito, naye akapokea na kuwaambia walifanya vema kushiriki dhiki yake. Mstari wa 13, ule unaobandikwa nyuma ya daladala, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", watu huupeleka kwenye mitihani na tenda, ilhali mambo yenyewe yametajwa mstari mmoja juu: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa.

Ila kinachonishawishi zaidi ni yale yaliyompata katika mji huohuo wa Filipi. Katika Matendo 16, Paulo na Sila wamechapwa bakora bila kuhukumiwa, miguu iko kwenye mkatale, na usiku wa manane wanaimba. Kama ni kutulia, hapo wametulia. Asubuhi wakuu wa mji wanatuma watu: waachieni waende zao. Mtu mwenye kuridhika kwa jinsi ya yule mhubiri angeshukuru akaondoka. Paulo akagoma. Wametupiga hadharani, sisi raia wa Roma, sasa wanataka kututoa kimyakimya? Waje wenyewe. Wakaja, wakawasihi. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai asubuhi, na sioni kama wimbo ulipunguza dai. Huenda asingekuwa na ubavu wa kugoma kama usiku kucha angekesha na hofu.

Sabato nayo, katika Kumbukumbu la Torati 5, haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe na punda, na sababu inatolewa: mlikuwa watumwa Misri. Hiyo ni sheria ya kazi. Sasa fikiria Jumapili ya nyumba nyingi tunazozijua. Familia inarudi kutoka kanisani imeimba habari za pumziko, na dada wa kazi, aliyeamka saa kumi na moja kupiga pasi nguo za ibada, yuko jikoni na pilau. Mwezi una Jumapili nne na yeye hana hata moja. Hapo kundi la pili linanishinda kabisa.

Kwa hiyo simnyang'anyi mama wa mkesha pumziko lake. Aliimba, akalia, uso ukafunguka, nilimwona. Ninachokataa ni mtu mwingine kulitumia pumziko hilo kama jibu la Jumatatu yake.

Usiku ule tulikuwa watu zaidi ya mia. Kapu la sadaka lilipita mara mbili, naye alitoa mara zote mbili. Daladala ilipofika nilimlipia nauli, akashukuru, akashuka kabla yangu. Rejesho ni kiasi gani, sikumuuliza.