Ruta ya antena mbili inasingiziwa

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo ukalalamika kuwa intaneti ya nyumbani inasuasua, utaondoka na ruta mpya. Muuzaji hatakuuliza kifurushi chako ni cha megabiti ngapi. Atakuonyesha boksi la antena nne lililoandikwa AC1200, na ile ya antena mbili uliyonayo, ya 2.4 GHz pekee, ataiita ya kizamani.

Hiyo 1200 inanikera. Si kasi utakayoiona popote. Ni megabiti 300 kwa sekunde za masafa ya redio ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, zikajumlishwa, zikaongezewa kidogo ili zipendeze, ilhali simu yako inakamata masafa moja tu kwa wakati. Hata 867 yenyewe ni ya maabara. Sebuleni ukipata nusu, shukuru. Halafu igeuze ruta uangalie nyuma: nyingi za bei ya chini katika daraja hilo, matundu ya waya yanapitisha megabiti 100, basi. Ni tangi la lita elfu lililofungwa bomba la nusu inchi. Anayelipia megabiti 20, karuta kake ka 2.4 GHz pekee kanazipitisha zote na nafasi inabaki.

Na masafa hayo ya 2.4 GHz yanayobezwa ndiyo yanayopenya vizuri zaidi ukuta wa tofali za saruji. Katika ofisi moja niliyosaidia, ruta mpya iliwekwa juu ya kabati la chuma chumba cha nyuma, na mhasibu wa mbele akawa anabeba laptopu hadi mlangoni kutuma ritani. Tukachukua ya zamani, tukavuta waya wa mita 15, tukaitundika koridoni. Akarudi kwenye kiti chake. Ndiyo, hata ile mpya ingefanya kazi pale koridoni. Kilichokosekana kilikuwa waya.

Wanaotetea ruta za masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, wana lao. Kwenye ghorofa za Nairobi simu inaorodhesha waifai za majirani hadi unachoka kuzisoma, na 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Hapo 5 GHz inaokoa, kwa udhaifu wake uleule: kelele za jirani hazivuki ukuta kirahisi. Mwenye faiba ya zaidi ya megabiti 100 naye anunue, ila ahakikishe matundu ni ya gigabiti, yaani megabiti 1,000.

Hoja yangu inakwama kwenye usalama. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kilikadiriwa kuvamia vifaa 500,000 katika nchi 54, hadi FBI ikawaomba wenye ruta za nyumbani na ofisi ndogo waziwashe upya. Ruta ambayo kiwanda kimeacha kuitolea masasisho ya usalama sina utetezi nayo, hata kama inawaka taa zote.

Kama yako bado inasasishwa, hela hiyo nunulia UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, umeme ukikatika kazi iendelee. Soma kwanza kibandiko cha adapta: kuna za volti 9 na za 12, na ukikosea utarudi Kariakoo kununua ruta kweli.