Msiuze Meza ya Plazma kwa Bei ya Vyuma Chakavu

Yapo mazoea katika karakana zetu za Malindi ambayo nayapinga waziwazi. Meza ya kukatia chuma kwa plazma, yaani mwale wa gesi yenye joto kali unaotokana na umeme, ikiharibika kompyuta yake, mwenyewe huambiwa kwamba mashine nzima imekwisha, na muda si muda inapimwa kwa kilo na kupakiwa kwenye lori la vyuma chakavu. Kilichokufa ni kidhibiti tu, yaani ile sehemu inayosoma mchoro na kuziamuru mota. Chuma chenyewe, ambacho kukisafirisha kutoka Mombasa ni gharama kubwa, bado ni kizima.

Fremu nzito iliyoungwa miaka ya 1990 haikupinda kwa sababu disketi za kupakia michoro kwenye kidhibiti cha zamani zimeadimika madukani. Reli zikisuguliwa kutu na beringi zikibadilishwa, mkono wa mashine utateleza vizuri tena. Hata mota si lazima zitupwe: nyingi za enzi hiyo ni sevo za umeme wa DC, yaani mota zinazojirekebisha kufuata mahali zilipoamriwa, ambazo viendeshi vyake, yaani vifaa vinavyozipa umeme, hupokea amri kwa volti kati ya -10 na +10, na zipo kadi za kisasa za kompyuta zinazotoa volti hizo hizo. Amri za G, yaani lugha ya maandishi inayoiambia mashine ielekee wapi, zilizoanza Marekani katika miaka ya 1950 nazo ndizo zinazotumika hadi leo.

Wenye karakana wengi, wakifikiria kubadilisha kidhibiti, huuliza kwanza ukubwa wa skrini. Mimi ningewaomba waulize kwanza kuhusu kimo cha tochi, yaani kichwa kinachotoa moto wa plazma, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri na kazi mbovu zinapotengana. Shiti ya milimita 3 hailali sawasawa mezani. Ikipata moto huinuka huku na kubonyea kule. Kwa hiyo kabla ya kutoboa, tochi inapaswa kushuka polepole mpaka iguse shiti, ipande hadi kimo cha kutobolea, tuseme milimita 3.8, kisha ishuke hadi milimita 1.5 na kuanza kukata. Wakati wa kukata, kidhibiti husoma volti za tao la umeme lililo kati ya tochi na shiti. Volti hizo hupanda tochi inapoinuka na hushuka inapokaribia chuma, na tofauti ya volti 5 ni kama nusu milimita.

Sasa chukua ua la geti, kazi ambayo kila karakana ya hapa huipata. Tochi inapofika kwenye ncha ya jani, mkono hupunguza mwendo ili ugeuke. Kwa kuwa moto unakawia mahali pamoja, mfereji wa mkato unapanuka, tao linarefuka na volti zinapanda. Kifaa cha kimo kilichonunuliwa peke yake, kisichojua kwamba mwendo umepungua, hudhani tochi imepaa, kikaishusha mpaka ikagonga shiti. Ncha inaharibika na nozeli, yaani mdomo wa tochi, inaungua. Kidhibiti kinachosimamia mwendo na kimo kwa pamoja huacha kufuata volti mara tu mwendo unapopungua, na huanza tena kona ikishapita. Kwa maoni yangu, uwezo huu peke yake unatosha kuhalalisha gharama yote.

Ndiyo maana napendelea LinuxCNC, programu huria iliyotokana na kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo ina sehemu maalumu ya plazma na haidai ada. Ina ugumu wake, nakiri. Mipangilio yake inahitaji subira na kusoma sana. Hata hivyo, kijana yeyote wa Malindi mwenye bidii anaweza kuifungua, kuielewa na kuitengeneza, ilhali kidhibiti kilichofungwa kwa nenosiri la muuzaji kitakusubirisha mpaka muuzaji apate nafasi.

Pesa zinazobaki ziende kwenye athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na kwenye hewa ya kompresa inayolisha tochi. Plazma inayowashwa kwa umeme wa masafa ya juu hurusha kelele za umeme zinazoweza kuzima kompyuta katikati ya mkato, kwa hiyo meza iunganishwe kwa waya mnene kwenye nguzo yake ya athi iliyochimbiwa karibu, na nyaya za mota na za sensa zipitishwe mbali na kebo ya tochi. Hewa ya kwetu pwani ina unyevu mwingi, na maji yakipita kwenye kompresa hadi kwenye tochi huimaliza elektrodi, kile kipande cha ndani kinachoanzisha tao, upesi sana. Kikaushio cha hewa si anasa hapa. Sanduku la kadi nalo lizibwe vizuri, kwani chumvi inayokula grili za madirisha haitaisamehe saketi.

Kuna jambo moja ambalo nisingekubali lipuuzwe hata kwa karakana isiyo na fedha: kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa viendeshi na kuzima plazma moja kwa moja kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, bila kupitia programu, kwa kuwa kompyuta iliyoganda haisikii amri ya mtu. Fundi akimaliza, achore njia za nyaya zote na kuubandika mchoro ndani ya mlango wa sanduku, kisha anakili faili za mipangilio kwenye flashi mbili, moja akabidhiwe mwenye mashine.