Leseni ipo ofisini, fundi yupo kwenye ngazi

Jirani yangu alinunua kiyoyozi Kariakoo. Dukani wakamwitia fundi aliyekuwa amekaa nje juu ya kreti ya soda. Kijana kazi anaijua: alitoboa ukuta, akapinda paipu ya shaba bila kuibonyeza, akawasha, chumba kikapoa. Wiki ya tatu maji yakaanza kurudi ndani, kwa sababu paipu ya kutolea maji ilikuwa imepanda kidogo mahali ilipotakiwa kuteremka. Dari ya jipsamu ikadondokea televisheni. Simu ya fundi haipatikani. Dukani wakasema wao wanauza tu, hawafungi.

Ukisimama chini ya dari hiyo, ni rahisi kukubaliana na wanaotaka kila anayegusa kiyoyozi awe na leseni na bima. Na jipsamu ni hasara ndogo. Viyoyozi vingi vya sasa vinatumia gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto, tofauti na R22 tuliyoizoea. Fundi anayechomelea paipu ambayo gesi haijaisha ndani anacheza na moto kweli, si kwa methali. R22 nayo ina hatari ya aina nyingine: ile "psss" unayoisikia fundi akifungulia gesi hewani inakula tabaka la ozoni, na kilo moja yake inapasha dunia joto sawa na kilo 1,800 hivi za hewa ukaa. Fundi makini huikusanya kwenye mtungi kwa mashine yake maalumu. Wa kwenye kreti mashine hiyo hana, na mteja aliyembania bei hadi senti ya mwisho hana haki ya kushangaa.

Sasa upande wa pili. Tanzania Bara, kampuni za kufunga mitambo ya aina hii zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria ya mwaka 1997. Usajili unataka kampuni, wataalamu wenye vyeti, vifaa na ada. Kijana aliyejifunzia kazi mgongoni mwa fundi mwingine hafiki hata mlangoni. Ukimfungia kabisa, haachi kazi. Anaifanya jioni, na namba yake inazidi kutopatikana.

Tena kuna jambo ambalo watetezi wa leseni hulipita haraka. Kampuni yenye usajili ikishinda kazi ya ghorofa, siku ya kufunga mara nyingi inakwenda kumchukua yule yule wa kwenye kreti kwa malipo ya siku. Cheti kinabaki ukutani ofisini. Mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini kibarua asiye kwenye orodha ya mishahara, akianguka kutoka ghorofa ya tatu, matibabu yake huanzia kwenye mchango wa kundi la WhatsApp.

California wanabana kuliko sisi. Leseni yao ya kazi hii, C-20, inataka uzoefu wa miaka minne na dhamana ya dola 25,000, na tangu 2023 lazima uwe na bima ya fidia ya wafanyakazi hata kama hujaajiri mtu. Hata hivyo wameacha upenyo: tangu 2025 kazi isiyofika dola 1,000, isiyohitaji kibali wala msaidizi wa kulipwa, haidai leseni. Lakini kugusa gesi ni habari nyingine. Hapo sheria ya Marekani inadai cheti cha fundi mwenyewe, si cha kampuni, na hakiishi muda.

Hapo ndipo ninapoegemea. Kwetu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, tayari inatoa leseni za kufunga umeme kwa fundi binafsi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutoa vyeti kwa waliojifunzia mtaani. Kwa gesi tungeweza kufuata njia hiyo hiyo. Bima ya madhara kwa mteja ningemtwisha muuza duka: aliyemwita fundi ndiye abebe dhima. Bei ya kufungiwa itapanda, ndiyo. Na watu wasidhani bima hiyo ni dawa ya kazi mbovu: kwa kawaida inalipa televisheni iliyoharibika, hailipi gharama ya kurudia paipu iliyofungwa vibaya.

Jirani amebadilisha dari. Juzi alileta fundi mwingine kurekebisha mteremko wa ile paipu. Nikamwuliza cheti, akanionyesha picha kwenye simu: VETA, majokofu na viyoyozi. Bima je? Akacheka. Nikamshikia ngazi.